Nilimchagulia Mdogo Wangu Programu Nzito Makusudi

Mkosaji ni mimi, wala usinitafutie sababu. Nilimdanganya mdogo wangu wa tumbo moja, naye akanishukuru.

Tunaishi Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora, na mama yetu aliyepooza upande mmoja. Kumgeuza, kumwogesha, kumnywesha uji, yote tulisaidiana. Mdogo wangu, nimwite Neema, alikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu. Alibakiza ripoti ya utafiti tu. Akimaliza, shule moja huko Nzega ilikuwa tayari kumpokea.

Aliponipa habari hiyo nilicheka naye, lakini moyoni niliogopa. Mimi na mama peke yetu, mpaka lini?

Nyumbani tuna kompyuta ya zamani ya chogo, ile yenye kioo kilichotokeza nyuma, aliyotuachia marehemu baba. Kwa kuwa niliwahi kufanya kazi steshenari, Neema aliniomba nimchagulie programu ya kuandikia. Nikajaribu mbili. Moja ilikuwa nyepesi, ya bure, haina mapambo. Ilifunguka upesi na kazi ilijihifadhi yenyewe. Nyingine ilikuwa ya kisasa, ina kila kitu, ila mashine yetu haikuiweza. Ukiandika aya moja inaganda. Ukiingiza jedwali, mashine inazima.

Nikaifuta ile nyepesi.

"Tumia hii kubwa," nikamwambia. "Chuo hakipokei kazi iliyoandikwa kwa vitu vya bure."

Akaniamini. Dada yako mkubwa akudanganye ili iweje?

Ee Mungu wangu, nilimtazama akiteseka! Anaandika, inaganda, anaanza upya. Sura nzima ya matokeo ikapotea. Akataka kwenda kuchapia mjini, nikasema nina palizi shambani, mama atabaki na nani? Akauliza kama hakuna programu nyingine, nikamwambia programu haina shida, mashine ndiyo imechoka.

Siku ya kukusanya ripoti ikapita. Chuo kikamtaka arudie mwaka, na ada hatuna. Nafasi ya Nzega akapewa mwingine.

Basi nikapata nilichotaka. Neema yupo. Tunamgeuza mama, yeye begani, mimi kiunoni. Na mara nyingi tukikaa kula ananiambia, "Bila wewe dada, ningeshachanganyikiwa."

Nikisema ukweli, ataondoka akinichukia. Nikinyamaza, ndiyo hivyo, tunamega ugali sahani moja na sina pa kuyaweka macho yangu.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikamwekea ile programu nyepesi, nikamwambia ajaribu. Akaandika ukurasa mzima bila kukwama. Kisha mikono ikasimama. Akageuka.

"Dada, hii ilikuwepo wakati ule?"

Alikuwa amenirahisishia. Ilikuwa niseme ndiyo, basi.

"Hapana," nikasema. "Imetoka juzijuzi."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika. Mpaka leo sijui kama aliniamini, na kumuuliza siwezi.

Wewe unayesoma, kama una mtu anayetaka kuondoka na wewe unaogopa kubaki, mwambie unaogopa. Lia mbele yake, si aibu. Ukimzuia kwa uongo hutabaki naye. Utabaki na uongo wako, na huo nao utakutaka uulishe kila siku, kama mgonjwa asiyepona.