Ndama wa Jikoni

Nilizaliwa Nyamisangura, mtoto wa dukani, na nilipoolewa kijijini Kisaka sikujua hata kumfunga ng'ombe kamba. Mama mkwe alinicheka waziwazi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kila nilichokosea kilionekana. Lakini alinipenda, na binti yangu alipozaliwa alimpenda kupita kiasi.

Msimu ule wa mvua ng'ombe wetu mmoja alikufa, akaacha ndama mchanga. Pale nyumbani ndama wa namna hiyo halali zizini, analetwa jikoni kwenye joto la mafiga. Kwa kuwa hajui kunywa kwenye bakuli, unachovya vidole kwenye maziwa, unamtia mdomoni anyonye, kisha unashusha mkono polepole mpaka midomo yake iguse maziwa. Mama mkwe alikuwa fundi wa kazi hiyo. Ndama akishiba, yeye hujifuta mikono kwenye kanga, humpakata mjukuu wake na kumlisha uji, akiupima joto kwa kidole.

Ndama akaanza kuharisha. Haukupita muda, binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, naye akaanza.

"Meno hayo," alisema mama mkwe. "Wote wawili wanaota meno."

Tulicheka. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Wiki ya pili macho ya mtoto yalikuwa yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imekunjika, na akilia hatoi machozi. Nilimwambia mama mkwe, kwa sauti ambayo mke wa mtoto wake hapaswi kuitumia, kwamba meno hayaui na mwanangu anakufa. Mume wangu akawasha pikipiki, tukaondoka.

Hospitali walimtundikia maji, wakachukua choo chake kupima. Kesho yake muuguzi, mtu wa kusini aliyehamishiwa huku, alituuliza kama tuna mifugo. Mume wangu akamweleza habari za ndama.

"Mtoto ana vimelea tumboni," alisema muuguzi. "Ni vidogo, havionekani kwa macho. Pengine vimetoka kwenye maji ya kunywa. Lakini ndama anayeharisha huwa navyo vingi. Anayemhudumia ndama ndiye anayemlisha mtoto?"

Mume wangu aliangalia chini. Mama mkwe alikuwa amefika asubuhi hiyo na chupa ya uji, amesimama nyuma yetu.

"Ni mimi," alisema.

Mimi nilimchukia, sitaficha. Nilikaa kitandani nikimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari ya pakiti kijiko kwa kijiko, na kila alipotapika nilimtazama bibi yake. Mtoto alipokojoa kwa mara ya kwanza tangu tufike, nililia kwa sauti wodi nzima ikageuka.

Tuliporudi nyumbani ndama alikuwa amejengewa kibanda nyuma ya zizi, na sabuni imewekwa kando ya ndoo. Mama mkwe alinawa mpaka ngozi ikapasuka. Ila hakumgusa mtoto tena. Binti yangu alimfuata akitambaa, akamshika pindo la kanga, naye akajinasua taratibu, akaenda kutafuta kuni ambazo hazikuhitajika. Nilidhani nitafurahi kuona hivyo. Iliniuma.

Siku moja tukichambua maharage uani, mtoto alijaribu kusimama akaanguka karibu naye. Mama mkwe aliinuka haraka, kisha akasita. Akaenda kwenye ndoo, akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akaja kusimama mbele yangu. Mwanamke aliyemzaa mume wangu, aliyewahi kunifukuza jikoni kwa sababu ya ugali wangu mbichi, alininyooshea viganja vyake niviangalie.

"Mwanangu," alisema, "unaniruhusu nimbebe?"

Nilimwinua mtoto, nikamweka kwenye mikono yake, bado ikichuruzika maji.