Mkuyu wa Mzee wa Muyama

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya sekondari moja hapa Kasulu, nikisubiri barua ya mpwa wangu, akaingia mzee kutoka Muyama, vumbi hadi magotini. Alimtaka mwalimu wa baiolojia. Akaitwa dada mmoja mwembamba, chaki vidoleni.

"Mwalimu, binti yangu kamaliza likizo akihesabu ndege na ngedere kwenye mkuyu wa shamba langu. Nataka kuukata nipande mahindi, analia. Ndiyo masomo hayo?"

Mwalimu hakujitetea. Alimsimulia habari za mtaalamu aliyeondoa aina moja tu ya kiumbe kwenye miamba ya bahari, na viumbe wa aina nyingine nyingi wakatoweka. Kisha akauliza, "Mzee, kiangazi pori likikauka, ngedere wanakula nini?"

"Makuyu."

"Na mkuyu usipokuwepo?"

Mzee akavua kofia. "Watahamia kwenye mahindi yangu," alisema polepole.

"Sikukwambia mimi, mzee. Umegundua mwenyewe."

Mzee akauliza, "Hilo litaulizwa kwenye mtihani?"

"Sidhani."

"Basi mtihani wenu una kasoro. Mkuyu nauacha."

Akavaa kofia, akaondoka. Mimi nilisoma baiolojia miaka minne. Hata nikiamshwa usingizini nitakutajia sehemu zote za ua, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza mti ulio nje ya dirisha la darasa letu ulikuwa unamlisha nani.