Mbata Inayopinda

Nlifunga safari kwa sababu ya ngamia. Kinu cha mafuta cha Bi Zuhura pale Ng'ambo, nnapofanya kazi mie, kinazungushwa na ngamia mkubwa hasa, akipiga chafya makuti ya mtaa mzima yanapeperuka. Basi wageni wakafungua kinu cha mashine Mkokotoni. Mafuta yao meupe, wateja wetu wakaanza kutukimbia. Bi Zuhura akanambia, "Nenda katazame. Kama hatuwawezi, namuuza ngamia, nafunga mlango."

Asubuhi nikapanda basi. Njia ina mashimo hiyo! Nlirushwa juu Mahonda, nikatua kitini Kinyasini.

Adhuhuri Mkokotoni. Mashine inanguruma mpaka meno yanahama, lakini ndani hawakuniruhusu. Nikakaa langoni natazama wakulima na magunia yao ya mbata, zile nazi kavu za kukamua. Msimamizi anachukua kipande, anavunja. Kikilia ka! gunia linapita. Kikipinda, linarudi.

Bibi mmoja, Bi Mwanakhamis, lake likapita.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Watoka wapi weye?"

"Kwenye kinu cha ngamia, mjini."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe nyie! Zinazopinda ndizo tunazokuleteeni!"

"Na sie twazipenda. Laini, ngamia hachoki."

"Hachoki, mnakamua maji! Hata mie walinirudishia gunia hapa, nikarudi nalia njia nzima. Ndo nikajenga chanja. Njoo uone."

Alasiri, kwake, nikaliona chanja: mbata juu, chini moto wa vifuu unafuka taratibu. Sie tulizoea zilizoanikwa chini juani, na mchanga wake.

"Utuuzie na sie, Bi."

"Wale wa mashine bei yao kubwa. Lakini mashudu, makapi ya kukamua, yote wanapakia melini, na ng'ombe wangu wana njaa. Nileteeni mashudu, nusu ya mbata yangu ni yenu."

Kesho yake nikarudi mjini na gunia moja la mbata alilonikopesha. Bi Zuhura akavunja kipande: ka! Tukamfunga ngamia kinuni. Mafuta yalimwagika hata Darajani watu wakapita wamepandisha kanzu. Bi Zuhura akachovya kidole, akayatazama: meupe.

"Ngamia hauzwi," akasema.

Wateja wengine walirudi, wengine mpaka leo hawajarudi. Mashine yenyewe sijaiona. Wageni hawakuja kutufunza sie kitu. Walimkatalia gunia Bi Mwanakhamis, basi. Tulichojua tulikijua kwake, na kulia alilia peke yake.