Vijidudu vya Mdomo wa Kaaha

Watu wangu, mimi nimeumbuliwa na vijidudu. Nyumbani kwangu, mchana kweupe, majirani wakishangilia.

Nakaa mtaa wa Galbet. Mlango wangu haufungwi. Baada ya Alasiri wanawake wanajaa, chai inapikwa na umbea unaiva. Hapo ndipo nilikuwa nauza dawa yangu ya fizi: maji, manemane kidogo, matone mawili matatu ya mafuta ya karafuu.

Na sukari. Nyingi. Karafuu inachoma jamani, nani ataisukutua?

Mteja wangu nambari moja ni jirani yangu Kaaha. Fizi ilimvimba mpaka shavu likawa sambusa. Akataka kwenda kwa daktari wa meno.

"Abaayo, dada yangu, yule atang'oa tu," nikamwambia. "Tumia chupa yangu wiki mbili."

Wiki mbili zikaisha. Sambusa iko palepale.

Hinda, binti wa kaka yangu, anasomea maabara chuoni. Akanitazama vibaya.

"Eeddo, shangazi yangu, hii dawa yako tuipime."

"Pima! Na majirani uwaite!" Kiherehere changu.

Akapitisha pamba kwenye fizi ya Kaaha, akaipaka kwenye visahani viwili vya maabara. Kimoja akakiwekea kikaratasi chenye mafuta ya karafuu matupu, kingine chenye dawa yangu. Siku mbili baadaye akavileta vimezungushiwa selotepu. Sebule imejaa hadi mlangoni.

Kwa karafuu tupu, kikaratasi kimezungukwa na duara safi. Hakuna kilichoota.

Kwangu? Vijidudu vimeota mpaka vimekipanda kikaratasi chenyewe.

"Mbona hawa wamenona?" jirani mwingine, Ramlo, akauliza.

"Eeddo amewapikia sukari," Hinda akajibu.

Kicheko hicho! Mimi sikucheka. Kaaha alikuwa ameshika shavu, na ni mimi niliyemzuia.

Nikachukua buibui. "Twende kwa daktari sasa hivi. Wallahi nisamehe, dawa yangu imekuharibu."

Kaaha akaangalia mkeka.

"Abaayo... dawa yako sijaisukutua hata siku moja. Naitia kwenye chai. Ni tamu, na karafuu yake inanukia."

Chupa zote!

Daktari alitoa usaha, akasema tungechelewa zaidi ungekuwa msiba.

Basi shikeni hili: karafuu inaua vijidudu, nimeona kwa macho yangu. Lakini fizi ikishavimba, usimsikilize mwenye chupa. Mpeleke mgonjwa kwa daktari.

Dawa ya fizi siuzi tena. Ya chai ipo. Ramlo ameshachukua mbili.