Dhamana ya Mjane wa Ikonge

Siku yangu ya kwanza katika afisi ya mawakili mjini Kisii, mkuu wa afisi alinikuta nikipanga vitabu rafuni kana kwamba hiyo ndiyo sheria yenyewe. Akaniuliza dhamana ni nini. Nikamjibu kwa mbwembwe kwamba ni ahadi ya mshtakiwa kurudi kortini akiachiliwa.

"Huyo amekwisha kukamatwa," akasema. "Na yule anayesikia watamkamata kesho bila sababu, utamwambia angoje?"

Ndipo akanifundisha dhamana ya kabla ya kukamatwa: ombi linalopelekwa Mahakama Kuu na mtu ambaye bado yuko huru, lakini ana hofu ya kweli kwamba polisi wanatumiwa kumwonea. Ni ombi gumu, maana majaji hawapendi kuwafunga polisi mikono. "Usiniletee uvumi wa sokoni," mkuu alizoea kunifokea. "Niletee nani alikuja, alisema nini, na nani alimsikia." Alikuwa mkali kama pilipili, na nilimpenda sana.

Baadaye nilihamishiwa tawi letu la Nyamira, chini ya wakili mwandamizi aliyewaogopa majaji kuliko wateja wetu walivyoogopa jela. Huko ndiko nilikokutana na kesi ya Kemunto, mkulima wa chai kutoka Ikonge.

Mume wa Kemunto alikuwa amefariki kwa maradhi. Mazishi yalipangwa Jumapili, kwa kuwa wao ni Waadventista na hawaziki siku ya Sabato. Shemeji yake mkubwa alilitamani shamba la marehemu. Ghala la shemeji huyo lilipoungua, akapiga ripoti kwamba mjane ndiye aliyelichoma. Askari wakafika nyumbani bila wito wa maandishi, na mmoja akamwambia mama mkwe waziwazi kwamba watamchukua Kemunto Ijumaa jioni.

Ijumaa jioni haikuchaguliwa bure. Anayekamatwa saa hizo hulala seli hadi Jumatatu ndipo amwone hakimu. Jumapili mume angezikwa mkewe akiwa ndani, na shemeji angetangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mwanamke amekimbia hatia. Kwetu Wagusii, mjane asiyeonekana kaburini kwa mumewe hupata shida kubwa kusikilizwa tena katika boma lile, yeye na watoto wake.

Aliyekuja afisini alikuwa kaka yake, tena amefurahi.

"Tumemficha vizuri huko kwetu Itumbe, wakili. Hata chifu hajui."

"Nani alikwambia umfiche?"

"Sasa tungefanya aje? Tungoje wambebe?"

Kosa hilo nimeliona maisha yangu yote ya kazi katika milima yetu. Polisi wakitajwa tu, jamaa hukutana, na jambo la kwanza ni kumficha mtu kwa wazazi wake, wakisema amesafiri. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini korti humkinga aliye tayari kujibu maswali, na aliyejificha huwapa polisi hoja ya bure.

Wakili mwandamizi aliposikia, akatikisa kichwa. "Achana na hiyo kesi. Mteja ametoroka."

"Hajatoroka, mkubwa. Amefichwa. Nitamleta mwenyewe."

"Na wakimkamata njiani?"

"Watamkamata nikiwa naye."

Nilimkuta Kemunto jikoni kwa kaka yake akimenya ndizi, macho yamevimba kwa kulia.

"Wakili, nikitoka hapa si wananichukua?"

"Wanaweza. Lakini ukikaa hapa, Jumapili utakuwa wapi?"

Aliweka kisu chini, akanawa mikono. "Basi twende. Wakinichukua, wanichukue nikienda kwa mume wangu."

Tuliandika hati ya kiapo, yaani maelezo anayoapa mtu kuwa ni ya kweli. Lakini iliyonipa nguvu ilikuwa hati ya pili, ya mama mkwe, maana yeye ndiye aliyemsikia yule askari. Nilimwonya kwamba atakuwa anamwumbua mwanawe mwenyewe.

"Huyu Kemunto alimwosha mtoto wangu akiwa mgonjwa," akajibu. "Andika vile nilisikia."

Tukafungua ombi kwa hati ya dharura, na Ijumaa asubuhi tukasikilizwa. Kiongozi wa mashtaka alisimama akasema mwombaji ametoroka kwake. Nikamwomba Kemunto asimame. Alisimama katika nguo zake za matanga, na jaji akamtazama kwa muda kabla ya kuuliza kama kulikuwa na wito wowote wa maandishi. Haukuwepo. Akatoa amri ya muda: asikamatwe kwa lalamiko lile, awe na mdhamini, na Jumatatu afike kituoni kuandikisha taarifa.

Mawakili vijana nawaambia daima: amri ikibaki mkobani mwa wakili haimzuii askari yeyote. Niliipeleka kituoni mwenyewe mchana huohuo. Mkuu wa kituo aliisoma amesimama, kisha akasema, "Mwambie huyo mama Jumatatu asichelewe."

Jumapili mchungaji alipomwita mke wa marehemu, Kemunto alipita na watoto wake mbele ya shemeji, akatia udongo kaburini. Shemeji hakuthubutu kushika maikrofoni. Mimi nililia hadharani, wakili mzima. Jumatatu mjane alifika kituoni mapema, akasema yote aliyoyajua, na hakushtakiwa kamwe.

Sasa nimestaafu, naishi Nyanchwa. Siku hizi maombi yanafunguliwa kwa mtandao, na mawakili vijana wanajua mengi kuliko mimi. Lakini watu bado wanaficha watu. Juzi familia moja ilikuja kuniuliza wampeleke wapi binti yao anayetafutwa kwa madai ya kusingiziwa. Niliwatafutia wakili, nikawaambia wamlete kortini. Wakakataa katakata. Binti mwenyewe aliogopa kukamatwa njiani.

Nikampigia Kemunto simu. Alikuja kutoka Ikonge siku hiyohiyo, akaketi karibu na yule binti, akamwambia, "Mwanangu, hata mimi niliogopa. Oga, vaa vizuri, twende."

Familia ikakubali. Siku ya kesi niliketi benchi la nyuma, kwa kuwa si kazi yangu tena. Jina la binti lilipoitwa, Kemunto alimshika mkono, wakasimama wote wawili.