Vyuma Nilivyosema Vitafungwa Jumatatu

Jamani, niseme ukweli tangu mwanzo ili msije mkanihurumia bure: siku ile kosa lilikuwa langu peke yangu. Aibu niliyoipata mbele ya kijiji kizima, pamoja na shule ya msingi, kwaya ya kanisa, wazee wa msikitini na mgeni rasmi mwenye suti ya Kaunda ya kijivu, niliistahili yote. Kwa miaka mingi nilikuwa nikikaa barazani nasikia watu wakiisimulia, na mimi nacheka nao kama vile simjui anayesemwa. Leo naisimulia mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu walikuwa wamehamia vijiji vipya na kila kijiji kilikuwa kinataka shule yake, zahanati yake na ghala lake la mazao. Mimi nilikuwa kijana wa Tanga, nimetoka chuo cha ufundi na cheti ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia, nikapangiwa kazi Kasulu. Baridi ya kule ilinipokea kama mdai (nilikuwa sijawahi kulala na blanketi mbili maishani), Kiha sikijui zaidi ya kuwaamkia watu "mwakeye" asubuhi, lakini nilikuwa na buti mpya, na mkoba wa michoro, na suruali ya bugaluu ambayo nadiriki kusema ndiyo iliyokuwa pana kuliko zote kuanzia Kigoma mpaka Kibondo. Chini ilikuwa inafagia. Watu wakaniita Bwana Fundi, na mimi nikaitika.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ghala la kijiji kimoja njiani kwenda Kibondo, ghala la chuma, la kwanza la aina hiyo pale. Vyuma vilikuja kwa treni mpaka Kigoma, kisha lori likavipandisha milimani kidogo kidogo: nguzo kumi na mbili, makenchi sita ya paa, vyuma vya kulala juu ya makenchi vya kushikia mabati, na fungu moja la vyuma vyembamba, virefu, visivyo na sura ya maana. Hivyo vyembamba vilikuwa vya kufungwa mshazari kati ya nguzo na nguzo, viwili viwili vikikatizana, na sisi mafundi tukaviita misalaba.

Aliyeongoza mafundi wa kijiji alikuwa Mzee Gwimo. Huyu ujana wake aliumalizia kwetu Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Alikwenda kama manamba, kibarua wa mkataba, kama walivyokwenda Waha wengi, akaanza kwa kukata mkonge, mwisho akaingizwa kiwandani kwenye kikundi cha kutengeneza mitambo na kusimamisha mabanda. Alirudi nyumbani na spana tatu na kikohozi. Sasa nyie mnajua, sisi watoto wa Tanga tulizoea kuwacheka manamba kwa Kiswahili chao na nguo zao, na kicheko kile (Mungu anisamehe) nilisafiri nacho kwenye treni mpaka Kigoma.

Lakini mtu yule alijua kazi! Bolti alizipanga kwa urefu kwenye vikapu vya maharage, kila nati akaipaka mafuta na kuizungusha kwa vidole kabla haijapanda juu, na akikuta kijana anagongomea bolti kwa nyundo alimshika mkono taratibu: "Ikikataa usiigombeze. Angalia tundu." Alikuwa anapita kwenye viungo anagonga gonga kwa spana, ameinamisha sikio, na kwa mlio tu anakwambia hii imebana, hii bado. Nilimwona, nikavutiwa, halafu nikajikataza kuvutiwa.

Jumatano ya wiki hiyo nguzo na makenchi yote yalikuwa yamesimama. Bolti tulikuwa tumezikaza nusu tu, kama inavyotakiwa, ili ghala liweze kuvutwa linyooke kabla ya kukazwa moja kwa moja, na lilikuwa limeshikiliwa kwa kamba nane zilizofungwa kwenye mambo ya mti yaliyopigiliwa ardhini, moja kwenye kisiki. Tukaleta misalaba. Ikakataa. Tundu la chuma na tundu la nguzo yalipishana nusu kidole, kila mahali. Nikapiga hesabu kichwani: kuvuta, kupima unyoofu kwa uzi wa timazi, kuvuta tena, siku mbili nzima. Na siku hiyo hiyo ndipo ikaja taarifa kwamba Jumamosi atakuja mgeni rasmi, mkubwa kutoka mjini, kuliona ghala.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikasema kiwanda kimekosea kutoboa, siku mbili zilizobaki tupige mabati, na misalaba itafungwa Jumatatu, wageni wakishaondoka. Na kamba zote zitolewe, maana ghala lenye kamba nane na mambo linaonekana kama fahali aliyefungwa asikimbie, nami nilitaka mgeni alikute limesimama lenyewe, zuri, jeupe, hewani.

Mzee Gwimo hakubishana. Alitoa kiberiti mfukoni, akavuta kile kidroo cha njiti akakiweka kando, akabaki na ganda tupu. Akalisimamisha kwenye kiganja na kulisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Likalala bapa.

"Bwana Fundi," akasema, "hili ndilo ghala letu sasa hivi."

"Mzee Gwimo, hayo mambo mimi nimeyasoma."

"Ndiyo maana nakueleza wewe," akasema. "Mwingine nisingemweleza."

Nikamwambia atoe kamba. (Na kweli nilikuwa nimeyasoma! Mtihani wa viungo na misalaba nilipata alama nzuri, naweza kuchora mpaka leo.)

Jumamosi ikafika. Watu walijaa, wengine wametembea tangu alfajiri, akina mama na vitenge vyao vipya, ngoma, pombe ya ndizi kwenye vibuyu, na watoto wa shule wamepangwa ndani ya ghala lenyewe, chini ya yale mabati machache tuliyokwisha kuyapiga, ili wasipigwe na jua wakati wa kuimba. Mwalimu wao, Mwalimu Anastazia, mwenyeji wa Bukoba, alikuwa mbele yao na kijiti chake. Mgeni rasmi akafika, akasifu. Mimi sifa zikanipanda. Nikatangaza kwamba nitapanda mwenyewe kwenye kenchi la mwisho kufunga bendera, ili wananchi waone uimara wa chuma.

Hakuna aliyekuwa ameniomba.

Nikapanda ngazi na bugaluu yangu, nikatembea juu ya vyuma mikono nimeitanua, wanawake wakapiga vigelegele, nikafunga bendera, na ningeishia hapo ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo. Lakini nikapiga mguu. Nikapiga mguu mara tatu kwa nguvu, kuwaonyesha. Na wakati huo huo ukaja upepo ule wa mchana wa milima ya Kasulu, ukapiga yale mabati machache kama tanga la mashua.

Nilisikia mlio mwembamba, kiii, wa bolti zinazoteleza kwenye matundu yake. Kisha nikaona mlima ulio mbele yangu unahama. Nikawaza, mbona mlima unahama? Ndipo nikaelewa kwamba anayehama ni mimi. Makenchi yote sita yalikuwa yanalala upande mmoja, polepole, kama watu kwenye foleni wamesukumwa na wa nyuma. Ngazi ikaanguka. Nikajilaza kifudifudi na kukumbatia chuma.

Halafu ghala likasita. Likabaki limeinama hivyo hivyo, linalia.

Chini yangu watoto walikuwa bado wanaimba, hawajaona kitu, maana walikuwa wanamtazama mwalimu. Hapo ningekuwa mimi ningepiga kelele: "Kimbieni!" na wangekanyagana, na wangezigonga nguzo. Mzee Gwimo hakupiga kelele. Aliingia ndani akitembea kama anayekwenda kuomba moto kwa jirani, akainama sikioni kwa Mwalimu Anastazia. Baadaye mwalimu aliniambia alichosema: "Mwalimu, waendelee kuimba, lakini waimbe wakitoka. Mstari mmoja, upande huu, wasiguse chuma."

Na yule mama, sijui moyo wake ulitengenezwa kwa nini, akageuka akitabasamu, akainua kijiti, akatoka akirudi kinyumenyume huku anawapigia mapigo ya wimbo, na watoto wakamfuata mmoja mmoja wakiimba mpaka uwanjani. Wa mwisho alipotoka ndipo Mzee Gwimo alipofungua mdomo, kwa Kiha, sauti ambayo sikujua anayo, na wanaume wakakimbilia kamba.

Mtauliza ghala lilisitishwa na nini. Kamba moja. Nilikuwa nimeamuru zitolewe zote, yeye akaacha moja, ya nyuma kabisa, imeshuka kutoka kichwa cha nguzo ya kwanza mpaka kwenye kisiki upande wa migomba ambako mgeni asingepita. Ilikuwa imekaza mpaka inatetemeka.

"Bwana Fundi!" akaniita kutoka chini. "Uko mzima?"

"Mzima!"

"Usisogee mpaka nikwambie."

Basi nikakaa kule juu, na kwa kweli nilikuwa na kiti kizuri kuliko mgeni rasmi. Nikamwona mtu anavyofanya kazi. Alifunga kamba nne mpya, kila kamba akaipa watu wake, wanaume kwa wanawake, akawapanga kwa nguvu zao. Akatundika timazi kwenye nguzo ya pembeni, akapiga goti kuitazama, akainua kidole kimoja tu. Vuta. Simama. Vuta kidogo. Simama. Nikahisi ghala linainuka chini ya tumbo langu, taratibu mno, kama mgonjwa anayesaidiwa kukaa kitandani. Uzi wa timazi ulipotulia sambamba na nguzo, akasema, "Leteni msalaba."

Wakauinua ule ule uliokataa Jumatano. Akaweka bolti kwenye tundu, akaisukuma kwa vidole viwili, ikaingia.

Kumbe matundu hayakuwa na kosa lolote! Yalikuwa yanatuambia kwamba nguzo haijanyooka, na mimi nikakisingizia kiwanda. Wakafunga wa pili, ukakatiza wa kwanza, akakaza nati, akagonga kwa spana, akasikiliza. Ile sauti mpaka leo naisikia. Lile ghala likaacha kulia.

"Sasa shuka, Bwana Fundi."

"Siwezi. Nimeshikwa."

"Umeshikwa na nini?"

Ingekuwa bora nidanganye. "Na suruali!"

Pindo la bugaluu lilikuwa limebanwa kati ya vyuma viwili vilipokuwa vinarudi mahali pake, tena limebanwa sawasawa, kazi safi. Mzee Gwimo akalitazama lile pindo.

"Basi suruali iache, wewe shuka."

Nikashuka nguzo ile nimeikumbatia, mbele ya umati wote, nikiwa na nguo ya ndani aliyonishonea mama yangu kwa kitambaa kilichobaki kwenye pazia za sebuleni. Maua mekundu, makubwa. Kicheko kile sijakisikia tena popote. Mama mmoja alinirushia kitenge chake, nikajifunga kiunoni, nikatafuta mahali pa kujificha.

Ndipo nikasikia sauti ya mgeni rasmi. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameuliza nani amefunga vyuma hivi, na mtu mmoja wa kamati, kwa hofu, alimwonyesha Mzee Gwimo. "Ni mzee wetu huyu. Hakusoma."

"Mzee," mgeni akasema, "ulitaka kutuulia watoto?"

Mzee Gwimo alikuwa anafuta grisi mikononi kwa majani ya mgomba. Hakunitazama. Aliendelea kufuta, na nilielewa kwamba hatasema. Angechukua lawama yote akaenda nayo nyumbani, na mimi ningerudi mjini na cheti changu. Ilikuwa rahisi kabisa. Nilikuwa na suruali moja tu ya kupoteza na tayari nilikuwa nimeipoteza.

Miguu ikanipeleka mbele. "Ndugu Mgeni Rasmi," nikasema, nimeshika fundo la kitenge, "ni mimi. Mzee alinikataza. Niliahirisha misalaba kwa ajili ya sherehe."

"Na kamba ile iliyolizuia ghala?"

"Nayo niliamuru itolewe. Yeye ndiye hakuitoa."

Hakuna aliyecheka. Mgeni akanipita. Akaenda kwa Mzee Gwimo, akanyoosha mkono. Mzee, kwa adabu, akampa kifundo cha mkono kwa sababu ya grisi. Mgeni akakikataa, akakishusha, akashika kiganja chenyewe, grisi ikaingia mpaka kwenye mkono wa suti ya kijivu, na akakishikilia muda mrefu.

Mimi nilipata barua ya onyo, nami niliisaini kwa furaha. Mwaka uliofuata nilipopelekwa Kibondo kusimamisha karakana niliandika ombi la mtu mmoja tu, nikalitaja jina lake. Siku ya kwanza kule ofisa mmoja akatukuta tumepiga magoti mbele ya timazi, akauliza kati yetu nani mkubwa wa kazi. Nikamwonyesha mzee kwa kidevu.

"Tuko wawili," Mzee Gwimo akasema bila kuinua macho. "Mimi nasikiliza vyuma, yeye anaandika."

Nimeandika kwa miaka mingi baada ya hapo, nimesimamisha majengo makubwa kuliko ghala lile, na nimeapa, na kiapo hicho sijakivunja: msalaba hauahirishwi kwa ajili ya mgeni, hata akija nani. Asubiri nje, tutamletea kiti.