Roboti Asiyevua Viatu

Nitaisema mwenyewe, maana mkiisikia kwa Zubeda mtaisikia imetiwa chumvi, na hii haihitaji chumvi, imekolea vya kutosha: mie mama Ilham wa Tandika nilikwenda kumfumania mume wangu mbele ya wajumbe wawili, na aliyerudi nyumbani kajifunika mtandio usoni ni mie.

Mume wangu Shabani anafanya kazi kiwandani Mikocheni, Jumamosi anatoka saa sita. Zamani akitoka alikuwa anakuja moja kwa moja kula. Baada ya Idi akaanza: anapita nyumbani, anaoga, anajipulizia manukato, anakwenda Tabata kwa rafiki yake Faraji. Kufanya nini? Gemu. Baba mzima ana ndevu, ana mtoto, gemu! Akanieleza kwamba ni gemu ya zamani ya roboti waliyokuwa wakiicheza utotoni kwenye kibanda cha gemu, roboti anakimbia, anaruka mashimo, anapiga risasi, mwisho wa kila hatua anakutana na bosi, akimshinda anachukua silaha yake. Sasa yeye na Faraji wanaifungua kwenye kompyuta, wanaibadilisha, wanatia majengo yao na maadui wao. Nikamuuliza, gemu si imeshatengenezwa na wenyewe, nyie mnaibadilisha ya nini? Akacheka. (Mtu anayeoga na kujipulizia ili akabadilishe roboti, wewe na cheti chako cha form four utamwamini?)

Nikaanza kuangalia.

Kwanza ilipotea kandambili yangu ya kijani. Mguu wa kulia tu. Mwizi gani anaiba mguu mmoja? Halafu Shabani akaanza tabia ya kuingia ndani na viatu, yeye anayejua kabisa mie kwenye suala la viatu sina msamaha, na nikimfokea hajibu, anasimama na simu mkononi, anatabasamu, ananiambia, "Hebu sema tena, sikusikia vizuri." Nikasema tena. Tena kwa nguvu. Halafu dera langu la rangi ya chungwa, lile la harusi ya mdogo wangu, likatoweka kwenye kamba, nikawanunia wapangaji wote wa nyumba ile wiki nzima, hata bibi wa chumba cha uani ambaye dera lile lisingempita kichwani.

Siku moja yuko bafuni, simu ikawaka. Nikaichukua. Picha: dera langu limetandazwa kitandani, mikono huku na huku kama mtu kalala, kitanda si changu, shuka si zangu, na pembeni yake kandambili yangu ya kijani.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe dogo tu. Badala ya kugonga mlango wa bafu nikamuuliza mume wangu, nikaenda kumuuliza Zubeda.

Zubeda ni mpangaji mwenzangu na ameshafumania mara mbili, kwa hiyo anajiona mtaalamu. "Shoga, mwanaume haulizwi," akaniambia, "mwanaume anakutwa. Ukimuuliza unampa nafasi ya kutunga. Na usiende bila mjumbe. Bila mjumbe huo ni ugomvi wa wanawake, ukiwa na mjumbe huo ni ushahidi."

Mjumbe wetu wa nyumba kumi ni mzee Chilumba, Mmakonde, mchongaji wa vinyago, Jumamosi ilipofika tulimkuta barazani na unga wa mbao hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza yote. Akapuliza unga kwenye kinyago chake, akaniuliza, "Mwenzio umemuuliza?"

"Mzee, mwanaume haulizwi."

Akaniangalia, akamwangalia Zubeda, akaguna, akaenda kuvaa shati. Mie nikampigia mama yangu anayekaa Wazo, ambako Ilham nilishampeleka tangu asubuhi, nikamwambia, mama, nitandikie kitanda, nikitoka Tabata sirudi tena kwa yule mwanaume. Na sikuwa natania. Begi langu lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni, hata sufuria yangu kubwa nimeitia.

Tukapanda bajaji. Tumefika Tabata kwa Faraji, mzee Chilumba akagoma kugonga. "Huu si mtaa wangu. Siwezi kuingia nyumba ya watu kama ninakamata mwizi. Kwanza tukamwone mjumbe wa hapa." Nikamwambia mzee watakimbia. Akasema wakikimbia watakuwa wamekimbia, utaratibu ni utaratibu. Kwa hiyo tukaulizia, tukaelekezwa dukani kwa Bi Salma, mama wa Kiarabu, mjumbe wa mtaa ule, na ndiye mwenye nyumba anayopanga Faraji. Nilidhani atatuzuia. Wapi!

"Chumba cha Faraji?" akasema, na hapo ameshaanza kufunga friji ya soda. "Mwanangu, Mungu kakuleta. Kila Jumamosi nasikia mwanamke anafoka mle ndani, na mke wa Faraji mie namjua, yule hata kuku hamfukuzi. Nikajisemea, Salma, mle kuna jambo. Twendeni!"

Akaja na wateja wake wawili waliokuwa wananunua unga. Mtaani watu wakiona wajumbe wawili wanatembea pamoja hawaulizi, wanafuata tu. Mpaka tunafika mlangoni tulikuwa kama tunapeleka posa.

Tukasimama kusikiliza. Na kweli, mwanamke anafoka.

"Umetoka wapi saa hizi? Viatu vivuliwe nje! Nyumba yangu si stendi!"

Kimya. Kitu kinalia titititi. Halafu tena: "Nyumba yangu si stendi!"

Damu ikanipanda. Mwanamke anamfokea mume wangu, na anamfokea kama kamzaa! "Msikieni," nikawanong'oneza, "sauti kama msumeno. Hivi mwanaume anaacha mke nyumbani anakuja kuvumilia sauti mbaya namna hii?"

Zubeda akanitazama kwa namna. "Shoga..."

"Nini?"

"Hamna kitu."

Mzee Chilumba alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. (Walishaitambua. Zubeda anayelala ukuta mmoja na mie, mzee ninayepita barazani kwake kila siku, wote wawili walishaitambua ile sauti! Mie tu ndiye niliyekuwa sijawahi kujisikia.)

Ndipo nikamsikia Shabani, sauti yake kabisa: "Ruka tena Saida. Kwa hasira. Inua mguu."

Sikungoja utaratibu wa mtu. Niliusukuma mlango kwa bega na mlango wenyewe ulikuwa umerudishwa tu, kwa hiyo nikaingia mzima mzima mpaka katikati ya mkeka. Na nilichokiona, jamani, wallahi kingemtia wazimu hata mwenye subira: mwanamke ndani ya dera langu la chungwa yuko hewani, amenyanyua kandambili yangu ya kijani, mume wangu kapiga goti mbele yake anampiga picha, na nyuma Faraji kashika shuka jeupe juu kama pazia la bibi harusi.

Nikamdaka akiwa anashuka. Dera likalia kraa, begani hadi kwapani.

"Umetoka wapi wewe?" nikapiga kelele.

"Viatu vivuliwe nje!" ikajibu spika ya kompyuta.

Ilikuwa sauti ile ile. Msumeno ule ule, umeanzia mdomoni kwangu ukamalizikia kwenye spika, hata mapumziko hayakuwepo katikati.

Shabani akanyanyuka taratibu, akanitazama kuanzia kichwani mpaka chini. "Mama Ilham," akasema, "viatu."

Nikaangalia. Wajumbe wawili, Zubeda, wale wa unga, wote walishavua mlangoni, wamesimama miguu mitupu kama watu wenye adabu zao. Mkekani kwa watu nimesimama mie peke yangu na raba.

Kwenye kioo cha kompyuta kuna roboti mdogo juu ya bati, bati la nyumba yetu, hata lile simtangi la maji la bluu lililopinda lipo, na mbele ya mlango amesimama mwanamke mnene (mnene!) wa dera la chungwa, mikono kiunoni, anarusha kandambili ya kijani, inampiga roboti, inamrudia mkononi.

"Kumbe ni yeye!" Bi Salma akapiga makofi. Mmoja wa wale wa unga akaangalia kioo, akaniangalia, akaangalia kioo, akaegemea ukuta akacheka bila sauti, mabega tu.

"Umenifanya zimwi," nikamwambia Shabani.

"Bosi. Bosi wa mwisho."

"Shemeji, kwenye gemu hiyo ndiyo heshima kubwa," Faraji akadakia, bado kashika shuka lake, mjinga yule.

Saida mkewe, bega nje, sauti ndogo kweli kweli: "Dada, mie nimeombwa niruke tu, waone dera linavyopepea wapate kulichora."

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza mume wangu.

"Ningekwambia ungenifokea vizuri? Ukijua unarekodiwa ungeongea kama mtangazaji. Nilitaka wewe."

Mzee Chilumba akasogea kwenye kioo, akainama kama anakagua kinyago cha mwenzake. "Na huyu anashindwaje?"

"Hashindwi mzee. Risasi hazimwingii. Silaha zote ulizopata kwa mabosi wengine, hasikii."

"Sasa mtu anapitaje?"

Shabani akaona aibu. Akakaa, akabonyeza kitufe. Roboti akasogea mpaka mlangoni, akainama, akavua mabuti yake ya chuma, akayapanga pembeni, kulia na kushoto. Yule mwanamke akashusha kandambili. Akapisha njia. Akaweka chini sahani ya wali inayofuka moshi, roboti akala, na ule mstari wake wa uhai, uliokuwa umebaki kidogo sana, ukajaa mpaka juu.

"Ndiyo mwisho wa gemu," akasema. "Amefika nyumbani."

Ningelia, lakini Zubeda alikuwa ananiangalia, nikachagua hasira. Nikachukua kandambili yangu. Dera nikamwachia Saida, na hapo mlangoni nikampigia mama: usitandike kitanda. Akasema nilishatandika, na shangazi zako wote wameshafika, na mchele uko jikoni. Kwa hiyo jioni ile ile nikaenda Wazo kukaa katikati ya shangazi waliovaa khanga za msiba, nikawaeleza habari za roboti. Mmoja mpaka leo anaamini Shabani ana mke kwenye kompyuta.

Gemu waliimaliza. Nikipita Tabata watoto wananipigia kelele, "Viatu vivuliwe nje!" na Bi Salma dukani ananiita bosi. Tena wameongeza: ukishindwa, anatokea mzee mwenye unga kwenye nyusi na mwanamke mwembamba ameegesha sikio mlangoni. Zubeda amenuna. Mie nimemwambia pole, shoga, ndiyo ushahidi huo.

Sasa mie ninauliza. Nauliza mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, bila mjumbe, na akitunga atunge. Shabani naye dera haligusi bila kuomba.

Ila juzi hayupo, Ilham kalala, nikaiwasha ile gemu, maana siku hizi ameitia hata kwenye simu yangu. Nilitaka tu kuona. Nilivuka mashimo, nikapanda bati, nikafika mlangoni kwangu, dawa naijua kuliko mtu yeyote duniani, na bado nikaingia na risasi. Kandambili ikanipata usoni. Nikarudia, nikaingia na risasi tena.

Mwanamke yule mkali, jamani.